Kiingereza Tulichojifunza Baada ya Kutia Sahihi

Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa stoo katika duka moja la jumla hapa mjini Nairobi, si mbali na River Road. Kazi yangu ilikuwa kupakua mizigo, kuipanga, na kuandika katika daftari idadi ya katoni zilizoingia na zilizotoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilijihesabu miongoni mwa watu wanaojua Kiingereza. Ijumaa moja jioni meneja alituita vijana wanne ofisini, akatusomea karatasi haraka haraka, na katika maneno yote aliyoyasoma mimi nilidaka moja tu: "off".

Msomaji mpenzi, hapa Nairobi kila mtu aliyepata kuajiriwa anaijua "ofu". Askari wa lango ana ofu yake, yaya ana ofu yake, hata kondakta wa matatu ana ofu yake. Ni siku ya kupumzika. Basi nikamshukuru meneja kwa Kiingereza changu kizuri, nikatia sahihi pale karani aliponionyesha kwa kidole, nikapokea bahasha, nikapanda matatu kwenda Kangemi nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa likizo bila kuiomba.

Jumanne nilirudi kazini. Askari wa mlangoni, mzee mmoja mpole, alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Kijana wangu, kwani hukusikia? Nyinyi mmemwaga unga."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza maana ya "laid off", kutoka kwa mzee ambaye hakuwa amesoma shule yoyote. Na ile karatasi niliyoitilia sahihi ilisema kwamba nimepokea "full and final settlement". Neno "settlement" nalo nilikuwa nikilijua, au nikidhani hivyo. Nani wa rika langu asiyelijua? Tangu mwaka 1962, mashamba ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kukatwa vipande katika ule mpango wa ekari milioni moja, settlementi kwetu ni shamba, ni mahali watu walipohamia wakapata pa kulima. Nilipoliona neno lile kwenye karatasi, kama nilifikiri lolote, nilifikiri ni jambo la heri. Kumbe lilikuwa linasema kwamba nimelipwa kila kitu na sina dai lingine tena maishani kwa mwajiri yule.

Kisa hiki nilikuwa nimekisahau. Kilichonikumbusha ni barua aliyoniletea jirani yangu Jumapili moja jioni. Huyu ni mama wa watoto watatu, anasafisha ofisi katika jengo moja la ghorofa huko Westlands. Kila siku huondoka Kangemi kabla ya mapambazuko, akaifuata Waiyaki Way kwa miguu pamoja na umati wa watu wengine waendao kufagia, kupika, kulinda na kujenga. Hunijia mimi na karatasi zake kwa sababu navaa miwani. "Mzee," aliniambia, "hebu nisomee hii. Wananiandikia mambo ya sevisi, sasa sielewi ni sevisi ya gari au ni ya kanisa."

Barua ilikuwa na sentensi mbili. Ilisema kwamba "services" zake kama "casual" hazitahitajika tena kuanzia mwisho wa juma lile.

Sasa natoka kidogo katika barua ile, nitairudia, kwa sababu swali la mama huyu limenifanya nifikiri upya juu ya jambo tunaloliita kujua Kiingereza. Sisi huogopa maneno magumu, yale marefu ya wanasheria na madaktari. Lakini mtu akikutana na neno asilolijua kabisa, mara nyingi husimama akauliza. Lile linalomponza ni neno analolifahamu tangu utotoni kwa maana nyingine. Hilo halimshtui. Hulipita akilisalimia kama rafiki.

Chukua mathalani barua ya mkopo. Maneno yake yote ni ya nyumbani. "Principal" tunamjua, ni mkuu wa shule ya sekondari. "Interest" tunaijua, ni kupendezwa na jambo. "Security" ni yule askari wa lango. "Statement" ni maelezo unayoandikishwa kituo cha polisi. Na "balance" ndiyo tunayoijua kuliko yote, maana hakuna siku inayopita hapa Nairobi bila mtu kumwambia kondakta, "Nipe balansi yangu." Balansi ni fedha zako, ni chenji unayorudishiwa. Haya, sasa mtu aliyezoea maneno hayo apewe barua ya benki. Mle ndani "principal" ni fedha alizokopa, "interest" ni riba, "security" ni dhamana, yaani kitu chake kitakachochukuliwa akishindwa kulipa, na "balance" ni deni. Neno lilelile ambalo ndani ya matatu humwambia anadai, benki humwambia anadaiwa.

Namjua fundi viatu mmoja wa Kawangware aliyetembea na barua yake mfukoni kwa wiki mbili bila wasiwasi wowote, kwa sababu ilisema ana "outstanding balance". Katika ripoti za shule za watoto wake, "outstanding" lilikuwa neno ambalo mwalimu humwandikia mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita wenzake. Yeye alielewa kwamba hesabu yake ni bora sana. Watu walipokuja kuitazama cherehani yake ya kushonea ngozi, alidhani ni wateja.

Mtacheka, nami nilicheka. Lakini fundi yule si mjinga. Alisoma barua kwa Kiingereza alichofundishwa, na makosa hayakuwa yake peke yake.

Maana tujiulize, shule zetu zilitufundisha Kiingereza gani? Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wengi walikariri misemo ya kupamba insha. Mvua ikinyesha Dagoretti, mtoto aliandika kwamba wananyesha paka na mbwa. Mtu akiwa na afya njema, aliandikwa kuwa mzima kama fidla, na sijui ni nyumba ngapi za Kangemi zenye fidla. (Waluo wanayo orutu yao yenye uzi mmoja, lakini hata wao sijawasikia wakimsifu mtu kuwa ana afya kama orutu.) Mtoto huyo akipata alama nzuri, wazazi hufurahi, na ni haki yao. Baada ya miaka michache hupewa mkataba wa kazi, na ndani yake hamna paka wala mbwa. Kuna "probation", kuna "notice", kuna "deductions", kuna "terminate". Hayo hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Na "notisi" yeye anaijua, ni tangazo lililobandikwa ukutani!

Mimi siipingi misemo ya Waingereza. Ni mali yao, na mingine ina utamu wake. Huwa najifurahisha kuilinganisha na yetu, hasa ile ya kazi na fedha. Mwingereza akifukuzwa kazi husema amepewa gunia. Sisi husema tumemwaga unga, au tumepigwa kalamu. Yeye akiishi kwa kubangaiza husema anaziunganisha ncha mbili. Sisi husema tunaganga njaa, na hilo la kwetu naliona lina ukweli zaidi, kwa sababu njaa ni ugonjwa unaotibiwa leo na kesho ukarudi. Yule ambaye mapato yake yanaishia mdomoni, Mwingereza husema anaishi kutoka mkononi hadi kinywani, nasi tuna neno moja tu, kijungujiko. Na mwenye kulisha nyumba wao humwita mshindi wa mkate. Katika nyumba za ugali, sijui atashinda nini.

Tena tumekuwa watunzaji wazuri wa mali yao kuliko wao wenyewe. Shilingi tuliletewa mwaka 1921, tukafundishwa kuiita "bob" na kujua kwamba ishirini zake ni pauni moja. Waingereza waliiacha shilingi yao mwaka 1971 walipobadili hesabu ya fedha, na "bob" ikabaki kwa wazee wao. Hapa Nairobi, simama leo katika kituo chochote cha magari hapo katikati ya jiji utasikia makanga wakiita "fifty bob, fifty bob", na wengi wao wamezaliwa miaka mingi baada ya Mwingereza kuizika.

Kwa hivyo msomaji asidhani kwamba sisi ni wagumu wa kujifunza. Neno la fedha hujulikana siku moja mwenye kulileta akitaka lijulikane. Ni watu wangapi walioijua "overdraft" zamani? Labda wenye maduka makubwa na wenye hesabu benki. Mwezi wa Januari mwaka 2019 kampuni ya Safaricom ilianzisha jambo lilo hilo katika simu na kuliita Fuliza, kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuendelea bila kukoma. Leo hata muuza sukumawiki wa Kangemi hufuliza, na anajua vizuri sana kwamba amekopa. Basi kumbe inawezekana. Mtu akitaka kutukopesha hutafuta Kiswahili akakipata. Kwa nini anayetaka kutuachisha kazi hakipati?

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1936 Mzungu mmoja, F. H. Le Breton, alitoa kitabu cha kuwafundisha wenzake Kiswahili cha bara, na katika jina lake kirefu aliwataja wenyewe aliowakusudia: mwanajeshi, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao, wapate kuzungumza na Waafrika wa bara bila mkalimani. Mwajiri wa siku zile alijua kwamba lazima aeleweke. Akitaka maji, alihitaji kuletewa maji, si kitu kingine. Kwa hiyo alijifunza lugha ya kuagiza. Lakini masharti ya kazi, na kipande alichotundikiwa mfanyakazi shingoni katika kijisanduku cha bati, hayo yalikaa katika lugha ya ofisi. Amri kwa Kiswahili, karatasi kwa Kiingereza. Tulipopata Uhuru tulibadilisha mengi, lakini mgawanyo huo wa lugha hatukuubadilisha. Hata Mzee Kenyatta alipoagiza mwaka 1974 kwamba Bunge lizungumze Kiswahili, waheshimiwa walihutubia kwa Kiswahili, wengine wakitokwa na jasho, na sheria zenyewe zikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nenda leo katika majengo ya Westlands au Upper Hill utazame ni mikataba mingapi ya wafagiaji iliyoandikwa kwa lugha hiyo rasmi.

Nimefika mahali ninapotaka msomaji asikilize kwa makini, hasa aliyeajiri mtu na hasa aliyeajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikulinyamazia jambo hili. Kifungu cha 9 kinasema kwamba kama mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, au hayaelewi masharti yake, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 35 kinarudia neno hilohilo kuhusu ilani ya kuachishwa kazi: asiyeielewa aelezwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba mtu akitaka kuachishwa kwa makosa, kwa utendaji mbaya au kwa kutojiweza kimwili, kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama karibu naye wakati wa kuelezwa. Mara tatu sheria imesema jambo moja. Ajabu ni kwamba sheria hiyo inayowatetea wasiojua Kiingereza wengi wamesikia habari zake kwa uvumi, kwa kuwa nayo imeandikwa kwa Kiingereza.

Sasa nirudi kwa jirani yangu na neno lake la pili, "casual". Nilipomuuliza kazi yake ni ya namna gani alisema, "Mimi ni kibarua tu." Neno hili kibarua ni la kale katika pwani yetu. Ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku, na baadaye jina la cheti likawa jina la mwenye cheti. Na sheria ya leo, kwa bahati, inaelewa vivyo hivyo: "casual" ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, ambaye hakuajiriwa kwa muda unaozidi saa 24 kwa wakati mmoja. Mama huyu alikuwa amesafisha jengo lile kwa miaka miwili na miezi minne, akihesabiwa malipo kwa siku, na hakupumzika ila Jumapili. Kila miezi michache aliletewa karatasi akatia sahihi. Hakuwa na nakala hata moja.

Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji ilani ya maandishi ya siku 28. Tena aliyemaliza miezi kumi na miwili kazini ana likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili. Nilipomweleza hayo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza, "Kwa hivyo miaka hiyo yote mimi sikuwa kibarua?"

Nilimshauri arudi ofisini Jumatatu asigombane na mtu, aseme tu kwamba hajaielewa barua na anaomba aelezwe kwa Kiswahili. Aliogopa. Alisema wakijua hajui Kiingereza watamdharau. Hapo ndipo nilipoona ubaya wenyewe, msomaji, kwamba tumefundishwa kuona haya kuuliza maana ya neno, hata neno hilo likiwa limebeba unga wa watoto wetu. Mimi mwenyewe mwaka ule wa 1987 nisingeuliza hata kama ningehisi kuna jambo. Ningeuliza vipi, nami nimemaliza kidato cha nne?

Nawaambia waajiri, wale wenye makampuni na wale wenye nyumba za Lavington na Kileleshwa walio na mtu mmoja tu jikoni, au mama fua wa kuja Jumamosi: mnapomtuma mtu huyu sokoni mnampa maelezo kwa Kiswahili, na akileta vitunguu badala ya nyanya mnamkemea kwa Kiswahili. Mnakijua. Nawaambia walimu nao, kwamba kipindi kimoja cha kusoma barua ya mkopo na mkataba wa kazi kitamfaa mtoto wa Kawangware kuliko fidla zote za Ulaya. Wizara yenyewe sina haja ya kuifundisha kazi. Ina wafasiri katika vyuo vikuu vyetu ambao wangeiweka sheria ile katika Kiswahili kizuri wakiagizwa.

Mama alikwenda. Anasema alimkuta karani, akasema maneno yale tuliyoyazoeza barazani kwangu, moyo ukimdunda. Karani alimtazama, akavuta kiti, akaanza kumweleza kwa Kiswahili safi kabisa. Ndiyo lugha aliyokuwa akiitumia siku zote akimwagiza aanze kufagia ghorofa ya tatu. Mambo mengine karani mwenyewe alikuwa hayajui, akaenda kumwuliza mkubwa wake, wakakaa ndani muda mrefu. Mama alirudi nyumbani na ahadi ya malipo ya mwezi mmoja badala ya ilani. Likizo zake bado zinabishaniwa, na amekwisha kuandikisha malalamiko kwa afisa wa kazi.

Alhamisi iliyopita usiku alibisha tena mlangoni kwangu. Alikuwa na karatasi mpya aliyopewa atie sahihi ndipo alipwe. Hakuwa ametia. Aliiweka mezani akaweka kidole juu ya neno moja, akaniuliza, "Mzee, hii 'final' ni ile ya mpira?"

Nikamwambia la, si ile ya mpira. Tukaisogeza taa karibu, tukaanza kusoma tangu juu.